Mashini imekataa baada ya mise à jour: soma kabla hujamwambia fundi aiformate

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10, ile iliyotoka tarehe 29 Julai 2015 na ambayo ordinatere nyingi za kwetu zinatembea nayo mpaka leo. Kabla ya tarehe ile na baada yake, mashini zilianza kuleta tangazo kwenye kioo: hamia Windows 11, pakua sasa, anzisha upya sasa. Wengine walibonyeza kwa kujua. Wengine walibonyeza tu ili tangazo liondoke mbele ya macho. Na kuna nyumba ambamo mtoto ndiye alibonyeza, mwenye mashini akiwa shambani.

Hapa Punia hatuna nafasi ya kucheza na jambo hilo. Ndani ya mashini hizo mna TFC ya mwanafunzi aliyerudi kutoka Kindu kuimalizia nyumbani, mna majina ya wanafunzi wa darasa la sita ya sekondari wanaongojea Examen d'État, mna hesabu za wanaouza kasiterite, mna ripoti za zone de santé zinazongojea kuingizwa katika DHIS2, mfumo ambao wizara ya afya inatumia. Mara nyingi karatasi hizo ziko mahali pamoja tu. Hakuna kopi ya pili.

Tuseme jambo lenyewe mapema. Katika shida nyingi za namna hii, mafaili hayapotezwi na sasisho. Yanapotezwa mezani, siku mbili baadaye, kwa neno moja: kuformata. Mashini imekataa kufunguka, fundi anasema "tuiformate tu, itakuwa mpya", mwenye mashini anakubali kwa sababu hajui kuuliza. Jioni mashini inarudi nyumbani, inawaka vizuri, na ndani yake hamna kitu. Makala hii inajibu maswali yanayorudi mara nyingi, ili ujue cha kufanya na cha kukataa.

Sasisho ni nini, na kwa nini linakuja bila kuitwa

Sasisho, ile tunaita mise à jour, ni vipande vipya vya programu ambavyo mwenye kutengeneza Windows anatuma kuziba matundu na kurekebisha makosa. Liko la aina mbili. Dogo linakuja kila mwezi. Mashini za Kifaransa zinaliita «mise à jour de qualité». Kubwa, «mise à jour de fonctionnalité», ndilo linabadilisha Windows nzima kutoka toleo moja kwenda lingine, na kuhama kutoka Windows 10 kwenda 11 ni kazi ya ukubwa huo.

Dogo lina siku yake. Microsoft wanalitoa mardi ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya kwao Marekani. Kwa saa za Maniema ni usiku: saa moja (19h00) au saa mbili (20h00), kufuata majira ya kule. Kwa hiyo mtu akikwambia "juzi mashini ilikuwa muzima, leo asubui iko inazunguka tu", angalia kalenda kwanza. Kama jana ilikuwa mardi ya pili ya mwezi, umeshajua pa kuanzia.

Wengi wanauliza: basi si bora kuyafunga masasisho yote kabisa? Hapana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa sasisho la kuziba tundu moja katika Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei 2017, kirusi WannaCry kilipita katika tundu lilelile, kikafunga mafaili ya watu na kudai pesa ili yafunguliwe. Ordinatere zaidi ya 200.000 katika nchi karibu 150 ziliguswa, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Waliokuwa wameweka sasisho la Machi hawakuingiliwa kupitia tundu lile. Na usiseme "mimi siingii intaneti sana". Hapa kwetu kirusi kinasafiri kwa kle USB: kinatoka birotiki, kinaingia shuleni, kinaishia katika mashini ya padri. Wale waliowahi kukuta mafaili yao yote yamegeuka «raccourci» wanaelewa.

Sasisho tunalihitaji, basi. Kinacholeta hasara hapa ni saa linapoingia. Mashini inajichagulia saa yake, na saa hiyo mara nyingi ni ile ambayo mega zinaisha na batri iko karibu kuzima.

Mega na umeme

Mwaka 2016, upande wa mashariki wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, jirani yetu wa kaskazini, watu wanaolinda hifadhi ya wanyama ya Chinko walipata shida hii kwa ukali. Intaneti yao ilikuwa ya satelaiti, ya polepole na ya bei kali. Laptop waliyopewa kama msaada ikaanza yenyewe, bila kuuliza mtu, kupakua Windows 10: karibu gigabaiti 6. Walilalamika kwa sauti, na kilichowakasirisha zaidi ya pesa ni kwamba ordinatere hizo ndizo zinawaongoza walinzi porini, wanaokutana na majangili wenye silaha. Ikizima katikati kwa ajili ya sasisho, walinzi wanabaki bila macho.

Sisi hatuongozi walinzi wa wanyama, lakini hesabu ya mega ni ileile. Sasisho dogo la mwezi linaweza kula megabaiti mia kadhaa, na wakati mwingine linapita gigabaiti moja. Kuhamia Windows 11 kunakula gigabaiti kadhaa. Ukiwasha «partage de connexion» kwenye simu, Windows inaona Wi-Fi tu, haijui kwamba nyuma yake kuna forfe ndogo ya siku moja. Lazima uiambie. Ingia «Paramètres», kisha «Réseau et Internet», fungua jina la Wi-Fi ile uliyoshika, utafute «Connexion limitée», uiwashe. Kuanzia hapo Windows itaacha masasisho mengi mpaka upate intaneti nyingine. Fanya hivyo kwa kila simu unayoitumia, maana mashini inakumbuka kila jina peke yake.

Katika ukurasa wa «Windows Update» kuna pia «Suspendre les mises à jour». Unaweza kusukuma mbele mpaka wiki tano. Hii ndiyo ya kutumia kabla ya mitihani, kabla ya kutoa ripoti ya mwezi, kabla ya kusafiri. Wiki tano zikipita, mashini itadai haki yake; wakati huo uwe tayari.

Shule au ofisi yenye mashini nyingi ina njia ambayo watu hawaijui. Inaitwa «Optimisation de la distribution». Ukiiwasha na kuchagua mashini za mtandao wa ndani peke yake, ordinatere moja ikishapakua, zingine zinachota kwake badala ya kila moja kula mega zake. Tangu serikali ilipoipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, mwezi wa Mei 2025, kuna wanaofikiri hesabu hii imekwisha. Bado. Hata mahali ambapo intaneti ni ya kasi, umeme unabaki uleule.

Na umeme ndio unaua. Sasisho kubwa, kwenye mashini ya zamani yenye disque dur ya kuzunguka, linaweza kuchukua saa mbili, tatu, hata zaidi. Usilianze saa kumi za jioni kwa umeme wa jua. Usilianze kwa jenereta ambayo hujui ina mafuta kiasi gani. Ordinatere ya mezani isiyo na batri wala onduleri ndiyo iko hatarini zaidi: umeme ukikatika sekunde moja wakati Windows inaandika vipande vyake vya msingi, inabaki nusu ya zamani na nusu ya mpya. Kwa laptop, batri ijae kwanza, kisha uiache kwenye umeme, asubuhi, na jua mbele yako.

Njia nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa mtu wa Punia: mwambie ndugu aliye Kindu, Goma au Kisangani apakue faili la ISO la Windows 11 kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, alete kwa kle. Kuwe na tahadhari moja. Kle nyingi zimetengenezwa kwa mpango wa FAT32, ambao haupokei faili linalopita gigabaiti 4. Kle inaweza kuwa ya 64 na bado ikasema haina nafasi. Waigeuze kwanza iwe exFAT au NTFS, ikiwa tupu. Na faili la ISO la kununua sokoni, ambalo hujui limetoka kwa nani, liache hukohuko sokoni.

"Inasema asilimia 30 na haisogei. Nizime?"

Hapana, bado. Asilimia zile hazitembei sawasawa. Inaweza kukaa kwenye namba moja saa nzima kisha ikaruka mpaka 75. Angalia kataa kanakowaka karibu na alama ya diski. Kama kanapepesa, mashini inafanya kazi. Sikiliza pia: disque dur ya zamani inakwaruza, feni inapuliza. Mpe saa mbili au tatu kamili, umeme ukiwepo. Kama baada ya hapo hakuna taa, hakuna sauti, hakuna namba iliyobadilika, ndipo ushike kitufe cha kuzima kwa sekunde kumi hivi, uwashe tena. Mara nyingi Windows itasema inaondoa mabadiliko na kurudi ilivyokuwa. Iache imalize. Kuzima mara ya pili wakati iko inajirudisha ndiko kunaleta msiba.

Isipofunguka, na inarudia kuwaka na kuzima, baada ya mara mbili au tatu Windows yenyewe inaingia kwenye ukurasa wa bluu wa kujitengeneza. Pale chagua «Dépannage», kisha «Options avancées», kisha «Désinstaller des mises à jour». Itakuuliza unatoa lipi: la «qualité» au la «fonctionnalité». Kama shida ilianza baada ya sasisho la mwezi, toa la kwanza. Kama ilianza baada ya kuhama toleo, toa la pili. Kazi hii haigusi mafaili yako. Haihitaji mega hata moja. Na fundi ambaye hajaijaribu kabla ya kukwambia "tuformate", mwombe kwa heshima aijaribu.

Neno juu ya ukurasa huo wa bluu: hata wenyewe uliwahi kuharibiwa na sasisho. Lile la Oktoba 2025 liliwafanya wenye Windows 11 wafike pale wakute kibodi na mausi za USB hazijibu. Microsoft walitoa marekebisho tarehe 20 ya mwezi uleule. Kwa hiyo ukifika pale na mausi imekufa, usifikiri umevunja kitu.

Kama mashini inafunguka lakini unaona Windows 11 haikufai, una siku kumi za kurudi nyuma tangu siku ya kuhama. Ingia «Paramètres», «Système», «Récupération», na ubonyeze «Retour». Katika siku hizo Windows ya zamani imefichwa katika folda inayoitwa Windows.old, nayo inakula gigabaiti nyingi. Mtu akikuambia uifute ili upate nafasi, mwambie angoje siku kumi zipite. Ukishaifuta, njia ya kurudi imefungwa.

"Bureau yangu iko tupu, documents zote zimepotea"

Hapa ndipo watu wanalia, na hapa ndipo panahitaji utulivu. Mara nyingi mafaili yapo, lakini yamehama chumba.

Anza na OneDrive. Windows mpya zikishapata akaunti yako ya Microsoft, zinaweza kuhamisha «Bureau» na «Documents» na kuziweka ndani ya folda ya OneDrive. Fungua folda hiyo katika diski C, utazame ndani.

Pili, angalia kama umeingia katika nyumba ya muda. Mwezi wa Februari 2020 sasisho moja la Windows 10 liliwafanya watu waingie kwenye akaunti ya muda, kioo cheupe, hakuna faili hata moja. Wengi walifikiri yamefutwa. Kumbe folda yao ilikuwa imebadilishwa jina tu, ikaongezewa nukta na herufi mwishoni. Kwa hiyo fungua diski C, ingia «Utilisateurs», uone kama kuna folda mbili zenye jina linalofanana. Mara nyingine kuanzisha upya mara mbili tatu kunatosha kukurudisha nyumbani kwako.

Tatu, chungulia ndani ya Windows.old, katika folda yake ya «Utilisateurs».

Je, sasisho lenyewe limewahi kufuta mafaili kweli? Ndiyo, na tusifiche. Lile kubwa la Oktoba 2018, lililoitwa 1809, lilifuta mafaili ya baadhi ya watu katika «Documents». Waliopatwa walikuwa wale waliohamishia folda hiyo mahali pengine lakini wakaacha mafaili katika folda ya zamani. Sasisho liliona ile ya zamani kama takataka. Microsoft walilisimamisha baada ya siku chache tu, wakalirudisha tarehe 13 Novemba 2018. Waliopatwa walikuwa sehemu ndogo sana ya watu wote, lakini kwa mwanafunzi ambaye TFC yake ilikuwa mle, kuambiwa kwamba wenzake wengi wamepona hakumrudishii kitu.

Ikiwa kesi yako ni ya kufutwa kweli, zima mashini na usiiandikie kitu tena. Kila muziki unaopakua, kila filamu unayokopi, inaweza kukaa juu ya mahali palepale ambapo faili lako lilikuwa.

Mezani kwa fundi

Mafundi wetu si watu wabaya. Wana kazi nyingi, umeme wa saa chache, na kuformata ndiyo njia fupi. Lakini mwenye mashini ndiye mwenye neno.

Mashini ikikataa kabisa kufunguka, mafaili bado yako ndani ya diski, kama vile nguo zinabaki ndani ya kabati hata ufunguo ukipotea. Kuna njia mbili za kuyatoa. Ya kwanza: kutoa diski na kuiunga kwenye mashini nyingine kwa kifaa cha kuunganisha kwa USB. Ya pili, bila kufungua hata skrubu moja: kuwasha mashini kwa kle yenye Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, na kuchagua kuijaribu bila kuiweka. Linux inafunguka kutoka kwenye kle, unaona diski ya Windows, unaingia folda inayoandikwa «Users» (kwa Kiingereza, hata kama Windows yako ni ya Kifaransa), unakopi kila kitu kwenye diski ya nje. Kazi yote inaweza kuisha mchana mmoja. Fundi mwenye kle hiyo mfukoni ni fundi wa kushika.

Kopi zikishatoka na wewe mwenyewe umezifungua kuhakikisha, sasa aformate akitaka. Na hata hapo kuna hatua ya katikati: «Réinitialiser ce PC», ambayo inakuuliza kama unataka «Conserver mes fichiers» au «Supprimer tout». Ya kwanza inatoa programu zako na kuacha mafaili. Usomee vizuri kioo kabla ya kubonyeza, au umwombe fundi abonyeze ukiwa umesimama hapo.

Kuna kesi moja ambayo hata Linux haitafungua. Ni mashini yenye kufuli la BitLocker. Laptop nyingi mpya, hasa zinazoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, zinafunga diski yenyewe bila mwenyewe kujua. Siku za kawaida huioni. Kisha sasisho linaingia, na asubuhi mashini inadai «clé de récupération» ya tarakimu 48. Ilitokea hivyo kwa watu wengi baada ya sasisho la Julai 2024. Bila tarakimu hizo, mafaili hayatoki, si kwa fundi wa Punia wala kwa wa Kinshasa. Mara nyingi zimehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft iliyofungua mashini siku ya kwanza. Hapo shida ya kwetu inaonekana: akaunti ile aliifungua muuzaji, au shemeji, kwa anwani ambayo hakuna anayeikumbuka. Kama mashini yako inafunguka leo, andika «BitLocker» mahali pa kutafutia, uone kama imefungwa. Kama ndiyo, toa tarakimu hizo, uziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na karatasi za kiwanja.

Vitu vidogo vinavyoonekana vikubwa

Neno la siri linakataliwa baada ya sasisho. Kabla ya kulia, tazama kona ya chini ya kioo, upande wa kulia: imeandikwa FRA au ENG? Kibodi ikihama kutoka AZERTY kwenda QWERTY, herufi a inakuwa q, na namba zinabadilika pia. Neno lako ni lilelile. Ni vidole vinavyodanganywa.

Sasisho linakataa kuingia, na hata tovuti zinasema si salama. Angalia tarehe ya mashini. Ordinatere za zamani zina kabatri kadogo ka mviringo, CR2032, kanakoshika saa wakati mashini imezimwa. Kakifa, kila ukiwasha mashini inafikiri ni miaka kadhaa nyuma, na intaneti haiamini mashini inayosema uongo juu ya tarehe. Batri hiyo ni ya bei ndogo. Kuna watu waliouza mashini nzima kwa ajili yake.

Mashini ya kuchapa inatoa karatasi zenye herufi za ajabu. Mwanzoni mwa 2025 sasisho moja lilifanya baadhi ya imprimante za USB zitoe mistari isiyoeleweka, zenyewe, bila kuagizwa. Marekebisho yalitoka mwezi wa Machi mwaka huohuo. Kama birotiki yako iliteketeza rame nzima bila sababu wakati ule, huenda hapo ndipo jibu lilipo.

Maandishi «Activer Windows» yametokea kwenye kona. Hiyo maana yake Windows yako haikuwa na ruhusa halali, au ilifunguliwa kwa programu ya wizi ambayo sasisho limeigundua. Mashini itaendelea kufanya kazi. Lakini programu zile za kufungulia, zinazopita kutoka kle hadi kle, mara nyingi zinabeba kirusi tumboni, na zinaomba uzime kinga ya mashini kwanza. Mtu anayekuomba ufungue mlango na uzime taa, mtilie mashaka.

Na lile tukio la tarehe 19 Julai 2024, lililozima ordinatere karibu milioni 8,5 duniani na kusimamisha viwanja vya ndege? Wengi wanalitaja kama kosa la sasisho la Windows. Lilikuwa sasisho mbovu la programu ya ulinzi ya kampuni nyingine, CrowdStrike, ambayo inauzwa kwa makampuni makubwa. Mashini ya kawaida ya hapa haikuwa nayo.

"Windows 10 imekufa. Mashini yangu itazima?"

Haitazima. Itaendelea kuwaka, kuandika, kuchapa. Kilichokwisha ni masasisho ya usalama: tundu likigunduliwa kesho, halitazibwa.

Windows 11 inataka gigabaiti 4 za RAM, 64 za diski, chombo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani. Kwa Intel, kwa kawaida kizazi cha 8 kuendelea. Mashini nyingi za occasion zinazofika kwetu ni za kizazi cha 4, 5 au 6. Hizo hazikubaliki. Kuna ujanja wa kuilazimisha, na mafundi wanaujua, lakini Microsoft hawatoi hakikisho kwamba masasisho yataendelea kuingia. Ukinunua occasion sasa, uliza kizazi kabla ya kuuliza bei. Namba iko katika jina la prosesa: i5-8250U ni ya 8, i5-6300U ni ya 6.

Kwa wanaobaki na Windows 10, kuna nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, inayoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Inahitaji toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Malipo ni dola 30, au bila malipo ukikubali mipangilio ya mashini yako ihifadhiwe kwenye OneDrive. Akaunti moja inaweza kubeba mashini mpaka kumi, jambo ambalo shule au paroisse inaweza kufikiria. Kiungo cha kujiandikisha kinaonekana katika ukurasa wa «Windows Update».

Njia nyingine ni kuweka Linux Mint kabisa. Inatembea vizuri kwenye mashini ya RAM 4, haidai kununuliwa, na LibreOffice iliyo ndani yake inafungua mafaili ya Word. Kinachobadilika ni mazoea, na baadhi ya imprimante zitasumbua. Mjaribu kwa kle wiki moja kabla ya kuamua.

Na kama mashini yako ni ya kuandika barua na kuchapa tu, haiguswi na intaneti hata siku moja, unaweza kuiacha na Windows 10 yake. Basi kle za wateja zisiingie moja kwa moja. Zipitishwe kwanza kwenye mashini nyingine yenye kinga ya virusi iliyo hai, na mafaili ya mteja pekee ndiyo yahamishwe.